Shabaha ya mbali si uwindaji

Mtu aweza kuificha nia yake, lakini maneno anayoyachagua aghalabu humfichua. Ndiyo maana mjadala unaoendelea miongoni mwa wawindaji wa Marekani, kuhusu kumpiga mnyama risasi kutoka umbali wa mita 700, 800 hata 1,000, umenivutia mimi niliye mwanaisimu wala si mwindaji. Wenyewe hujadili bunduki, darubini na aina za risasi. Kwa maoni yangu, kinachobishaniwa hasa ni maana ya kitenzi 'kuwinda'. Nadai kwamba anayempiga mnyama kutoka umbali huo hawindi. Anajaribu shabaha yake katika mwili wenye uhai, na hastahili jina la mwindaji.

Mnyama anayezungumziwa hatunaye katika nchi yetu. Jamii yake, ambayo madume huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka, haipatikani kiasili kusini mwa Sahara. Wafasiri wa Biblia walimwita 'ayala'. Wenye kamusi nao walimwazimia jina la kulungu wetu wa msituni, ambaye kwa hakika ni wa ukoo mwingine. Nitamwita ayala ili nisiwachanganye wanafunzi. Ikumbukwe pia kwamba huko Marekani ayala hayumo hatarini kuangamia. Wale wa mkia mweupe peke yao hukadiriwa kufikia milioni 30 hivi, na kuwapunguza kwa bunduki ni sehemu ya mipango ya idara za wanyamapori. Kwa hiyo wanaobishana hawabishani iwapo ayala auawe. Wanabishana juu ya namna ya kumuua.

Turejee kwenye kitenzi. Msamiati wa uwindaji katika Kiswahili umejaa miguu. Mwindaji husaka, hufuata nyayo, hunyata, hunyemelea, huvizia, huotea. Maneno yote haya yanahusu safari ya mtu kumkaribia mnyama, au subira ya kumngoja mnyama akaribie. Kulenga na kufuma huja mwishoni kabisa, kama nukta ijavyo mwishoni mwa sentensi. Wahenga nao, waliposema kwamba msasi haogopi miiba, hawakuwa wakiisifu shabaha yake. Miiba haiko hewani unakopita mshale. Iko njiani inakopita miguu ya msasi. Lugha yetu basi imekwisha kutoa hukumu yake: kiini cha uwindaji ni kukaribia, na katika kukaribia huko mnyama hupata nafasi ya kunusa, kusikia, kuona na kukimbia.

Sasa tuvitazame vyombo. Mpigaji wa masafa marefu wa siku hizi habebi bunduki pekee. Ana darubini yenye vipimo iliyofungwa juu ya bunduki, kifaa cha leza kinachompa umbali kwa kufumba na kufumbua, kipima upepo, na kikokotoo, mara nyingi programu katika simu, kinachomwambia airekebishe darubini yake kwa kiasi gani. Risasi nazo zimeboreshwa. Aina iitwayo 6.5 Creedmoor, mathalan, ilitolewa mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya kulenga shabaha, na haikuchukua muda kuenea mikononi mwa wawindaji. Jambo hilo lenyewe lina funzo: kilichobuniwa kwa ajili ya ubao kilihamishiwa kwa mnyama.

Hesabu zake si ngumu, na mwalimu wa fizikia aweza kuzieleza darasani. Chukua risasi ya kawaida ya .308 Winchester, yenye uzito wa takriban gramu 11, ikitoka mtutuni kwa kasi ya mita 800 hivi kwa sekunde, na bunduki imerekebishwa ipige barabara kwenye mita 100. Kwenye mita 500 risasi hiyo itakuwa imeshuka karibu mita 2 chini ya mstari wa kulengea. Kwenye mita 900 itakuwa imeshuka karibu mita 10, kimo cha jengo la ghorofa tatu. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao hautikisi zaidi ya majani na vitawi, utaisukuma kando kwa zaidi ya mita 2. Eneo la moyo na mapafu ya ayala, ambapo risasi huua upesi, lina upana wa sentimita 20 hadi 25 tu. Katika umbali huo, kukosea makadirio kwa mita 10 kwatosha kuitoa risasi nje ya eneo hilo.

Wapenzi wa vyombo watajibu kwamba ndiyo maana hasa wanapima. Nakubali. Leza hupima umbali vizuri kuliko jicho, na kikokotoo hakichoki wala hakisahau. Hata hivyo, kipima upepo hupima upepo wa pale alipolala mpigaji. Hakipimi ule unaovuma katikati ya bonde, wala ule unaozunguka kando ya mnyama. Isitoshe, lipo jambo moja ambalo hakuna chombo kinachoweza kulipima, nalo ni atakalofanya mnyama baada ya kifyatulio kuvutwa. Risasi niliyoitaja huchukua zaidi ya sekunde moja na nusu kufika mita 900. Ayala anayekula majani huhitaji kama nusu sekunde kupiga hatua. Hatua hiyo moja huuondoa moyo mahali ulipokuwa, na tumbo likakaa pale. Hakuonywa na sauti yoyote, kwa kuwa risasi huutangulia mlio wake. Alisogea kwa sababu jani la mbele lilikuwa bichi zaidi.

Risasi ya tumbo haiui papo hapo. Mnyama hukimbia, hujificha, na huenda akafa baada ya saa nyingi. Mpigaji yuko ng'ambo ya pili ya bonde. Aweza kudhani amekosa. Hata akijua kwamba amempata, sharti ateremke, apande, apatambue mahali ambapo kutoka mbali palionekana wazi na kutoka karibu panafanana na kila mahali, kisha atafute tone la damu kabla ya giza kuingia. Aliyepiga kutoka mita 80 huona papo hapo alichokifanya. Umbali hupunguza uhakika wa kuua, kisha hupunguza uwezo wa kurekebisha kosa. Mnyama hulipa mara mbili.

Hoja ya upande wa pili haifai kudharauliwa. Wanasema kwamba mtu aliyefanya mazoezi mwaka mzima, anayempiga ayala kutoka mita 400, ni mwenye huruma kuliko yule anayeitoa bunduki kabatini mara moja kwa mwaka na kubahatisha kutoka mita 100. Ni kweli. Wanasema pia kwamba ukaribu peke yake si utakatifu. Hilo nalo ni kweli, na mfano wake uko hapa kwetu. Waata wa nyika ya Tsavo, walioitwa pia Waliangulu, walimnyemelea ndovu hadi hatua chache ili mshale wao wa sumu upenye. Ushujaa huo haukumpunguzia ndovu uchungu wa sumu, wala haukuwazuia ndovu wengi kuuawa kwa ajili ya biashara ya pembe.

Lakini hoja hiyo inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba ustadi ni wajibu wa kila apigaye, aliye karibu na aliye mbali. Haithibitishi kwamba ustadi huufuta umbali. Mazoezi hupunguza kosa la mpigaji. Hayapunguzi hatua ya ayala. Mlenga shabaha bora duniani, akiwa mita 900 kutoka kwa mnyama, bado ni mateka wa ile sekunde moja na nusu. Kama kweli ana ustadi na huruma, basi na ajongee hadi mita 200, autumie ustadi wake mahali ambapo hautegemei bahati.

Hapa neno 'shabaha' linatusaidia. Katika Kiswahili neno hili lina maana ya kile kinacholengwa, na pia maana ya kusudio. Twasema mtu ana shabaha nzuri, na twauliza shabaha ya safari yake ni nini. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoasisiwa Marekani mwaka 1887 na ambayo kwa miaka mingi imetetea kanuni ya kumwinda mnyama kwa haki bila kumpora nafasi yake ya kuponyoka, imepinga upigaji wa masafa marefu kwa hoja inayokaribiana sana na maana hizo mbili. Haikutaja idadi maalumu ya mita, maana ardhi, hali ya hewa na watu havilingani. Ilitazama nia. Ikiwa nia ya mtu ni kuona bunduki yake yaweza kufika wapi, mnyama amekwisha kugeuzwa ubao. Nami naongeza kwamba ubao ukikoswa hauumii.

Sheria nayo yaweza kuandikwa kwa kumfikiria mnyama. Nchini Ujerumani, sheria ya uwindaji hudai kwamba risasi ya kumpigia ayala mkubwa iwe na kipenyo kisichopungua milimita 6.5, na iwe imebaki na nguvu isiyopungua jouli 2,000 ifikapo mita 100. Zingatia kwamba nguvu hiyo haipimwi mtutuni bali kule risasi ifikapo. Zingatia pia umbali uliochaguliwa kuwa kipimo. Mtunga sheria hakutumia mita 900.

Wanaodai kwamba umbali si kitu sharti waeleze watakomea wapi. Mwaka 2013 kampuni ya TrackingPoint ya Texas ilianza kuuza bunduki yenye kompyuta, kwa bei iliyozidi dola 20,000. Mpigaji aliweka alama juu ya mnyama na kuvuta kifyatulio, kisha bunduki yenyewe ikangoja hadi ilipolenga sawasawa ndipo ikafyatua. Kabla ya hapo, katika jimbo lilo hilo, palizuka mradi uliomwezesha mtu kumpiga mnyama kwa kutumia intaneti, yeye akiwa ameketi nyumbani mbele ya kompyuta. Mwaka 2005 Texas ilipiga marufuku jambo hilo, na majimbo mengi yakafanya vivyo hivyo. Wawindaji wengi waliunga mkono marufuku hayo. Kwa nini? Bunduki ilikuwa ya kweli, risasi ya kweli na mnyama wa kweli. Kilichokosekana ni mtu. Waliochukizwa na hilo walikubali, watake wasitake, kwamba kuwapo kwa mwindaji karibu na windo lake ni sehemu ya uhalali wa tendo. Wakishakubali hivyo, kilichobaki kujadiliwa ni kiasi tu.

Upo umbali mwingine, nao ni wa maneno. Katika Kiingereza cha wawindaji wa Marekani, mnyama siku hizi haelezwi kuwa ameuawa. Husemwa kwamba 'amevunwa', kana kwamba alikuwa mhindi shambani. Katika somo la semantiki huwafundisha wanafunzi wangu kwamba tasfida hutumika pale mzungumzaji anapotaka kulikwepa jambo bila kuliacha. Tasfida na darubini hufanya kazi moja: hulileta jambo karibu na jicho, kisha huliweka mbali na moyo. Wahenga wetu walilisema kwa ufupi: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu. Anayeua na aseme ameua. Hapo ndipo atakapojiuliza ameua vipi.

Huenda mwalimu akauliza haya yatuhusu nini, ilhali uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mnamo Mei 1977. Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya mjadala huu imepitia kwetu. Theodore Roosevelt, mmoja wa waasisi wa klabu niliyoitaja, aliteremka Mombasa mwezi Aprili 1909. Kwa mujibu wa orodha yake mwenyewe, yeye na mwanawe Kermit waliwapiga wanyama 512 katika safari iliyoanzia hapa. Kanuni nzuri juu ya namna ya kuua haikuweka mpaka wa kiasi cha kuua. Pili, hoja ya kurejesha uwindaji hufufuliwa nchini mara kwa mara, na kila inapofufuliwa husikika takwimu za wanyama na fedha za wageni. Ni nadra kusikia mtu akiuliza mpigaji atasimama wapi, atapiga kwa chombo gani, na ni nani atakayemfuata mnyama aliyejeruhiwa vichakani. Maswali hayo yanastahili kutangulia yale ya fedha.

Mwanafunzi wa Kiswahili anajua tofauti kati ya 'anaweza' na 'inampasa'. Vyombo vipya hujibu swali la kwanza kwa ufasaha unaoongezeka kila mwaka, na vitaendelea kulijibu: mita 900 leo, kesho 1,500. Swali la pili havilijui kabisa. Hilo humngoja mwenye bunduki, naye hana budi kulijibu akiwa amesimama karibu kiasi cha kumwona mnyama akipumua.