Presha ya Mgonjwa Mahututi

Mama mpendwa, huenda siku moja ukaitwa kumwona mumeo au mzazi wako katika chumba cha wagonjwa mahututi. Utakuta mpira mwembamba umeingizwa kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, nao umeunganishwa na mashine yenye namba zinazobadilika kila mara. Usiogope. Wengi wetu tulishtuka tulipouona mara ya kwanza.

Kipimo tulichokizoea kliniki, kile kitambaa kinachojazwa upepo mkononi, hupima mara moja moja tu. Presha ikiwa imeshuka sana, kipimo hicho chaweza kutudanganya. Tena kitambaa kikiwa kidogo kwa mkono mnene, presha huonekana juu kuliko ilivyo. Mpira ule hupima ndani ya mshipa wenyewe, kila moyo unapopiga.

Pamoja na namba mbili tulizozizoea utaona ya tatu, mara nyingi katika mabano. Huo ni wastani. Kwa mtu mzima ambaye maambukizo yameshusha presha yake, madaktari kwa kawaida hujitahidi wastani huo usipungue 65, ili figo na ubongo vipate damu ya kutosha.

Basi tusiuguse mpira huo, wala tusimwache mgonjwa auvute. Ukichomoka damu hutoka kwa kasi. Bonyeza mahali hapo kwa nguvu na kumwita muuguzi papo hapo. Namba zikikutia hofu, muulize kwa upole. Kisha mshike mgonjwa wako mkono ule mwingine, useme naye. Hata asiyejibu huenda anasikia.