Siku ya kufungua msimu ipewe tarehe, mfanyabiashara naye apone

Jumamosi ya Agosti 3, 2024, APR ya Rwanda ilikuwa Dar es Salaam, mgeni wa Simba katika Simba Day. Siku hiyo hiyo Azam ya Dar es Salaam ilikuwa Kigali, mgeni wa Rayon Sports katika Rayon Day. Kesho yake, Agosti 4, Yanga ikafanya kilele cha Wiki ya Mwananchi kwa kucheza na Red Arrows ya Zambia. Sikukuu tatu za kufungua msimu, nchi mbili, siku mbili.

Kwa mashabiki ilikuwa raha tupu. Kwa mchuuzi wa kofia, skafu na bendera anayevuka Rusumo ilikuwa hesabu ngumu. Basi kati ya Kigali na Dar es Salaam hutumia zaidi ya siku nzima barabarani. Aliyechagua Dar aliikosa Kigali, na aliyechagua Kigali aliikosa Dar mara mbili.

Sikukuu hizi zimekua haraka. Simba ilianza Simba Day mwaka 2009 na kuiweka Agosti 8, siku ya Nane Nane, ambayo tayari ni mapumziko ya kitaifa Tanzania. Yanga ikafuata mwaka 2019 na Wiki ya Mwananchi. Wachezaji wapya wanatambulishwa mmoja mmoja, jezi mpya zinaonekana uwanjani, wasanii wanapanda jukwaani, kisha inapigwa mechi ya kirafiki na mgeni kutoka nje.

Mgeni huyo mara nyingi ni jirani. Simba imewahi kualika Rayon Sports, Vital'O ya Burundi, TP Mazembe ya Congo na, mwaka 2025, Gor Mahia ya Kenya. Yanga imewahi kualika Kariobangi Sharks na Bandari za Kenya, Aigle Noir ya Burundi na Vipers ya Uganda. Viongozi wakiwa bado wanajadili ushirikiano wa kanda mezani, klabu zinautimiza kila mwaka uwanjani.

Michezo mingine hufungua msimu kwa namna nyingine. Raga ya Kenya kwa miaka mingi imeanza mwaka wake kwa mashindano ya usiku, chini ya taa, katika klabu ya Impala, Barabara ya Ngong, Nairobi. Hapo hakuna jukwaa la kutambulisha wachezaji. Klabu zinakutana na kupimana nguvu, watu wanakula nyama choma, na msimu unakuwa umeanza. Mbio za nyika ni kimya zaidi: mstari umechorwa kwenye nyasi, bunduki inalia, wakimbiaji wanaondoka. Lakini kwa kuwa mbio hizo huzunguka mji mmoja hadi mwingine, mama wa chai na maandazi wa kila mji hupata zamu yake.

Mfano wenye funzo kubwa zaidi kwa wafanyabiashara uko mbali, katika mji wa Cincinnati, Marekani, na unahusu besiboli. Nchini humo siku ya kwanza ya msimu wa besiboli ni kama sikukuu. Tangu William Howard Taft alipofanya hivyo mwaka 1910, marais wengi wamerusha mpira wa kwanza wa msimu. Cincinnati, makao ya timu ya Reds, wana desturi yao: maandamano makubwa ya kuelekea mchezoni, yanayoandaliwa na watu wa soko. Soko hilo linaitwa Findlay, lina umri wa zaidi ya miaka 150, na wafanyabiashara wake wamekuwa wakiongoza maandamano hayo tangu mwaka 1920. Hawakusubiri klabu iwatengee kona ya kuuzia. Waliifanya siku ile kuwa yao, na mji mzima ukawafuata.

Afrika Mashariki ina mahali panapofanana sana na Findlay. Ni Kariakoo. Makao makuu ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi na ya Yanga yako Jangwani, yote katika eneo hilo hilo ambako wanunuzi kutoka Congo, Zambia, Burundi, Malawi na Comoro hufungasha mizigo yao. Klabu na soko ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Hata hivyo, tarehe ya sikukuu inapopangwa, anayebeba bidhaa huisikia pamoja na shabiki wa kawaida.

Tarehe ndiyo mtaji wake. Simba Day, iliyoanza kama siku ya Agosti 8, mwaka 2023 ilifanyika Agosti 6, mwaka 2024 Agosti 3, na mwaka 2025 ikasogea hadi Septemba 10. Bidhaa ya sikukuu haina maisha marefu. Skafu yenye jina la mgeni wa mwaka huu haitanunuliwa mwakani, na jezi ya msimu uliopita huuzwa kwa bei ya kutupa. Mama aliyekopa kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa ana marejesho ya kila wiki. Sikukuu ikisogea mwezi mmoja, deni halisogei.

Klabu zitajibu kwamba tarehe haziko mikononi mwao peke yao, na zina haki. Mwaka 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa mashindano ya CHAN mwezi Agosti mzima, na hakuna klabu ambayo ingeweza kulipuuza jambo hilo. Lakini wenyeji wa CHAN walijulikana mapema. Sababu inayojulikana mapema inaweza kutangazwa mapema. Vilevile, kugongana kwa Dar na Kigali mwaka 2024 kulikuwa kati ya klabu ambazo zilikuwa tayari zinaalikana. Anayemwandikia mwenzake barua ya mwaliko anaweza pia kumwuliza sherehe yake ni lini.

Klabu zinazoalikana zinapaswa kukaa pamoja kabla ya msimu na kupanga ratiba moja ya sikukuu zao, kila moja na wikiendi yake, kisha kuitangaza angalau siku 60 kabla. Hilo halihitaji mkataba wa marais. Vyama vya wafanyabiashara wa Kariakoo na vya mipakani navyo visisubiri kualikwa. Viombe kikao hicho, vipeleke mapendekezo, na vikubaliane na klabu juu ya maeneo rasmi ya kuuzia na juu ya bidhaa halali, ili mchuuzi asijikute amekamatwa na jezi bandia aliyouziwa kama halisi.

Wenyewe wanaovuka mpaka nao wana kazi ya kufanya. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaruhusu shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kupata cheti rahisi cha uasilia hapo hapo mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha, mradi bidhaa imezalishwa ndani ya nchi wanachama na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Jezi iliyoshonwa Asia haiingii humo. Skafu iliyofumwa na fundi wa Arusha au Kampala ina nafasi nzuri zaidi, mradi muuzaji aulize orodha kabla ya kufunga mzigo. Fundi huyo naye anahitaji wiki kadhaa za kufuma, na hapo hoja inarudi kule kule kwenye tarehe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, kutoka Kigali, Bujumbura, Kampala, Nairobi na Lubumbashi, na klabu zimepona kwa viingilio na jezi. Aliyeleta kofia kwenye begi na kulala stendi akisubiri milango ya uwanja ifunguliwe naye ni sehemu ya sherehe. Anachoomba hakigharimu klabu hata shilingi moja: aambiwe siku, na aambiwe mapema.