Cha Nyumbani Si cha Bure

Imani kwamba chochote cha jikoni kinachotengenezwa nyumbani ni nafuu kuliko cha dukani imezoeleka kiasi kwamba haihojiwi tena, na katika maeneo ya mashambani kama Ndanai, upande wa Sotik katika kaunti ya Bomet, imekuwa kanuni ya uchumi wa nyumba inayorudiwa redioni, katika mikutano ya chama na kwenye video za simu. Mama anashauriwa asage pilau masala yake mwenyewe, achemshe mifupa apate supu ya kuungia mboga badala ya kununua mchuzi mix, apike na sosi ya nyanya ya kuweka chupani, kisha asubiri akiba mwisho wa mwezi. Kwa sehemu kubwa imani hiyo ni potofu, na pale inapokuwa sahihi, sababu zake si zile zinazotajwa na wanaoieneza.

Kosa lao liko katika hesabu. Wanaotoa ushauri huo hulinganisha bei ya pakiti na bei ya malighafi peke yake, wakisahau kile ambacho wachumi hukiita gharama ya fursa, yaani thamani ya kile ambacho mtu angekipata lau angeutumia muda uo huo, au mali iyo hiyo, kwa jambo jingine. Kusahau huko kunashangaza zaidi katika nchi ya majani chai, ambako jani bichi hupimwa kwenye mizani na mchumaji hulipwa kwa kilo, hivi kwamba kila mtu anajua vyema saa moja ya asubuhi shambani ina thamani gani. Saa iyo hiyo ikitumika mbele ya jiko kukaanga na kutwanga viungo, ghafla inahesabiwa kuwa sifuri. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa nchini Kenya mwaka 2021 na Shirika la Kitaifa la Takwimu ulionyesha kwamba wanawake hutumia karibu mara 5 ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, na kwa hiyo kinachoitwa akiba mara nyingi ni gharama iliyotolewa kwenye mfuko wa familia na kutwikwa mtu mmoja ambaye hakuulizwa.

Pilau masala ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga si mazao ya Ndanai. Hufika huko baada ya kupita mikono ya wafanyabiashara wengi, na anayevinunua viungo hivyo vikiwa vizima, kwa vipimo vidogo vya duka la kijijini, hulipia faida ya kila mmoja wao. Isitoshe, kiungo kikishasagwa mafuta yake mepesi yanayobeba harufu huanza kupotea hewani, kwa hiyo familia inayopika pilau Krismasi na siku ya arusi hujaza mkebe ambao baada ya miezi michache hauna ladha ya kujivunia. Kwa familia hiyo pakiti ndogo ya dukani, ijapokuwa gramu yake ni ghali, ndiyo matumizi ya busara, maana inanunua kiasi kinacholiwa na hakuna kinachobaki kuharibika. Supu ya mifupa nayo huhitaji moto wa saa kadhaa, na kuni, hata zile zisizonunuliwa, zina mtu aliyezitafuta na kuzibeba.

Kuhusu mchuzi mix, wakosoaji wa pakiti wana nusu ya ukweli. Sheria za ufungaji wa vyakula huagiza viungo viorodheshwe kwa kufuata uzito, kizito kikitangulia, na anayesoma lebo za bidhaa za aina hiyo mara nyingi hukuta chumvi na wanga vikiongoza. Lakini kutokana na hilo haifuati kwamba mtu atengeneze mchuzi mix wake. Mapishi ya Wakipsigis, wenyeji wa Bomet, hayakuuhitaji kamwe: isageek, mboga chungu ambayo kwingineko huitwa saga au mgagani, hupunguzwa uchungu kwa maziwa na malai, na hapo hakuna unga wa kuongeza ladha unaokosekana.

Maziwa ndiyo mahali ambapo cha nyumbani hushinda kweli, na sababu yake ni soko. Katika sehemu nyingi za wafugaji wadogo nchini Kenya, maziwa ya asubuhi hupata mnunuzi, ilhali ya jioni hubaki nyumbani kwa kukosa njia ya kuyapoza hadi kesho yake. Mursik, yaani maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kiitwacho sotet, ambacho kuta zake zimepakwa mkaa wa mti wa senetwet, huyageuza maziwa hayo yasiyo na bei kuwa chakula cha siku kadhaa. Anayegandisha maziwa ambayo angeyauza asubuhi, hata hivyo, amekula mapato yake, na hana haki ya kuita jambo hilo akiba.

Mahindi yana hesabu ngumu zaidi. Mnamo Julai 2022, bei ya pakiti ya kilo 2 ya unga ilipokuwa imepita shilingi 200, serikali ilitoa ruzuku ili iuzwe kwa shilingi 100, na wenye gunia lao waliopeleka mahindi poshomili walionekana mabingwa wa uchumi. Lakini ni Bomet hiyo hiyo, huko Longisa, ambako mwaka 2011 uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini ugonjwa hatari wa mahindi unaosababishwa na virusi viwili vinavyoshambulia mmea kwa pamoja, ugonjwa unaoweza kufuta mavuno yote ya shamba. Aliyevuna naye hajamaliza: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na mahindi yaliyohusika zaidi yalikuwa yale yaliyolimwa na kuhifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu. Viwanda navyo si malaika, kwani Novemba 2019 shirika la viwango lilisimamisha chapa 5 za unga kwa sumu hiyo hiyo. Gunia la nyumbani ni akiba pale tu mahindi yanapokaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, na turubai la kuanikia hurudisha gharama yake upesi kuliko kinu chochote cha viungo.

Anayetaka kupunguza matumizi ya jiko la Ndanai na aanze na maziwa ya jioni na mahindi yaliyokauka, aandike na saa za anayepika katika daftari lile lile la chumvi na sukari, na pilau masala aiache dukani.