Shimo litafungwa, muziki utabaki

Hapa Kavumu, redio ikianza kupiga piano na violoni bila mtu wa kuimba, swali ni moja tu: "Nani amekufa?" Mwingine anaongeza: "Zima hiyo, ni mziki ya bazungu, iko ya kulaza batoto." Sisi tunaoishi na watu wa machimbo, tunaokula nao na kulia nao, tunasema wazi kwamba maneno hayo yanatunyima kitu ambacho ni chetu pia. Ule muziki mkubwa wa orkestra na piano, wanaouita klasiki, unamfaa mchimbaji, mke wake na watoto wao, sawa vile rumba inawafaa na nyimbo za kanisa zinawafaa. Na sababu tuko nazo.

Tunaujua tayari

Ya kwanza: tunauimba kila siku bila kujua jina lake. Jioni ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, vijana wanabanana kwenye nyumba ya sinema, jenereta inanguruma nje, na wachezaji wakijipanga uwanjani kunapigwa ule wimbo. Hata mtoto wa miaka sita anaujua. Wimbo huo ulitengenezwa mwaka 1992 na Mwingereza Tony Britten, lakini aliutoa katika kazi ya Georg Friedrich Haendel, iliyoandikwa mwaka 1727 kwa siku ya kumtawaza mfalme George wa Pili wa Uingereza. Kumbe kila wiki ya mpira tunasikiliza Haendel, na hakuna anayeuliza nani amekufa.

Twende kwa simu. Ule mlio wa Nokia ambao wazee wetu wote waliubeba mfukoni ni kipande kidogo cha valsi ya gitaa ya Mhispania Francisco Tárrega, ya mwaka 1902. Twende kwa harusi. Bibi na bwana harusi wakitoka kanisani, kinanda kinapiga mashi ya Mendelssohn ya mwaka 1842. Ule mlio wa piano unaopigwa na vitu vya kuchezea vya watoto, unaopanda na kushuka kama mtu anayetikisa kichwa, ni "Für Elise" ya Beethoven. Aliuandika mwaka 1810, akafa mwaka 1827, na watu waliupata katika kitabu mwaka 1867 tu.

Halafu Pasaka na Noeli. Korali gani ya huku haijajaribu ile Alleluia kubwa? Hiyo nayo ni ya Haendel, na historia yake inatuhusu sana. Ilisikika mara ya kwanza katika muji wa Dublin tarehe 13 Aprili 1742, ndani ya kazi yake inayoitwa Masiya. Feza za siku ile zilisaidia hospitali mbili na watu waliofungwa gerezani juu ya madeni. Wafungwa 142 wakatoka. Nani kati yetu hajui deni? Mchimbaji anachukua unga, maharagwe na betri ya tochi kwa mnunuzi kabla hajaona hata gramu moja ya zahabu, na siku gramu inatoka haiko yake tena. Basi tukiimba Alleluia ile, tukumbuke kwamba siku ya kwanza kabisa iliwafungulia mlango watu wenye madeni kama yetu.

Shida yetu ni kwamba tunapewa mkia, hatupewi ng'ombe. Sekunde kumi za simu, nusu dakika ya mpira, dakika mbili za harusi. Muziki wenyewe, mzima, unabaki kwa wengine.

Ni nyundo, ni shaba, ni bati

Sababu ya pili: jasho la mchimbaji liko ndani ya muziki huu. Trompeti na tromboni ni shaba iliyochanganywa na zinki. Filimbi za vinanda vikubwa vya kanisa, zile ndefu zinazosimama kama msitu wa mianzi, zinatengenezwa kwa bati na risasi. Na bati inatoka wapi? Inatoka katika kasiterite, lile jiwe zito jeusi ambalo ndugu zetu wa Kalehe wanalibeba mgongoni. Koltani nayo inaingia katika simu, na kwa simu hiyo mtu wa Paris au wa Nairobi anasikiliza Mozart akiwa ndani ya basi. Hakuna orkestra bila mchimbaji, mahali fulani duniani.

Piano yenyewe, watu wanaiogopa kama meza ya gavana. Ifungue ndani: utakuta nyundo. Ina mahali 88 pa kubonyeza, na kila mahali panaamsha nyundo ndogo ya mti iliyofunikwa sufu ngumu, inagonga nyuzi za chuma. Nyuzi zenyewe zinapita mia mbili, na zile za sauti nzito zimezungushiwa waya wa shaba. Mtu anayeshika nyundo kila siku anaelewa jambo hili haraka kuliko mtu wa ofisi: siri iko katika ginsi ya kupiga, wapi polepole, wapi kwa nguvu, wapi kusimama. Na kwetu Bushi, wazee waliopiga lulanga walijua zamani kwamba uzi uliokazwa juu ya mti unaweza kusema. Hatuanzi kwa sifuri.

Kuna kipande kimoja ambacho tungependa kila timu ya shimo ikisikie. Mnorwe Edvard Grieg alikiandika kwa mchezo wa kuigiza ulioonyeshwa mwaka 1876, na jina lake ni kama "Katika ukumbi wa mfalme wa mlima". Kinaanza chini kabisa, vyombo vizito vinanyata, kama watu wanaoingia ndani ya mlima bila kutaka kusikika. Sauti ile ile inarudi, inapanda, inakimbia, inakimbia zaidi, mpaka kila kitu kinaanguka kwa kishindo. Kinachukua dakika mbili na nusu hivi. Aliyewahi kusikia udongo unaanza kudondoka juu ya kichwa chake hatahitaji mwalimu wa kumweleza.

Na mama zetu wanaotwanga mawe, tunawapa Boléro ya Mfaransa Maurice Ravel, ya mwaka 1928. Ngoma ndogo inapiga mdundo mmoja tu, ule ule, karibu robo saa nzima, haichoki, huku vyombo vingine vinaingia kimoja kimoja juu yake. Mama anayetwanga tangu asubuhi anajua maana ya mdundo ambao hauna haki ya kusimama.

"Tumbo tupu haisikilize piano"

Tunasikia jibu lenu. "Ninyi wa gazeti munacheza. Unga umepanda, barabara ya Bukavu ni mashimo, watoto wamefukuzwa masomo juu ya feza ya shule, na munatuletea Beethoven?" Jibu hilo ni la haki, na hatulipiti pembeni. Muziki haujazi sufuria. Lakini tumbo tupu haijatuzuia kuimba kanisani wala kucheza kwenye harusi, na haijatuzuia kununua bia siku ya mauzo. Watu wa kilio wana njaa, na wanaimba usiku mzima.

Tena mfano uko hapa hapa Kongo. Mwaka 1994, wakati inchi ilikuwa inaporomoka na feza haina thamani, mtu mmoja Kinshasa, Armand Diangienda, alianzisha orkestra. Alikuwa rubani wa ndege aliyebaki bila kazi. Ni mjukuu wa Simon Kimbangu, yule ambaye Wabelgiji walimfunga mwaka 1921 na akafia gerezani Élisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1951. Orkestra yake, ile ya Wakimbangu, ilianza na violoni chache. Mmoja anapiga kidogo, anampa mwenzake. Uzi ukikatika walitafuta waya wa breki ya baiskeli. Wapigaji hawakutoka katika majumba ya matajiri: kulikuwa na wauzaji wa soko, kulikuwa na fundi wa umeme ambaye pia ni kinyozi. Mwaka 2010 Wajerumani wawili walitoa filamu juu yao, "Kinshasa Symphony". Ndani yake tunaona umeme unakatika katikati ya mazoezi, na watu wale wale wanajiandaa kupiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven mbele ya umati wa muji.

Ile ya Tisa, Beethoven mwenyewe hakuisikia. Siku ilipopigwa mara ya kwanza, Vienna, tarehe 7 Mei 1824, alikuwa kiziwi kabisa. Ilibidi mwimbaji mmoja amgeuze ili aone watu wanampigia makofi. Wachimbaji wetu wengi nao wanapoteza masikio mbele ya mashine za kuponda mawe. Wasiambiwe kwamba muziki huu uliandikwa na watu wasiojua mateso.

Shimo likifungwa, nini inabaki?

Hapa njo tunafika kwenye jambo lenyewe. Kila mchimbaji anajua kwamba shimo lina mwisho. Wazee wa Kamituga wanakumbuka SOMINKI: ilizaliwa mwaka 1976, ikafutwa mwaka 1997, na iliyobaki ni nyumba za zamani na watu wanaosubiri malipo. Mwanzo wa mwaka 2021, si mbali na sisi, Luhihi, watu walikimbilia mlima wa zahabu na vikapu na mikono mitupu. Kisha serikali ya jimbo ikaamuru wote watoke. Leo uko na shimo, kesho uko na stori ya shimo.

Sikilizeni wenzetu wa Uingereza. Katika kijiji cha Grimethorpe, wachimbaji wa makaa ya mawe walianzisha fanfari yao mwaka 1917. Mtu alitoka chini ya ardhi, akaoga, akashika trompeti. Walipiga Rossini na mabwana wengine wakubwa, na wakajulikana dunia nzima. Oktoba 1992 serikali ilitangaza kwamba mugodi wao utafungwa pamoja na mingine mingi. Mwezi ule ule fanfari yao ikachukua ubingwa wa taifa, London. Mugodi ukafungwa mwaka 1993. Fanfari iko mpaka leo. Makaa yameisha, kampuni imekwenda, lakini kile ambacho wachimbaji walijenga kwa pumzi na vidole, hakuna waziri aliyeweza kukifunga.

Sisi wa Kavumu tutaacha nini? Mtoto wa huku anajua kutofautisha mlio wa bunduki na mlio wa radi kabla hajajua kusoma. Sikio lake limefundishwa woga. Tunadai lifundishwe kitu kingine pia.

Tunachoomba

Hatuombi jumba la opera. Tunaomba mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, redio zetu zitoe saa moja kwa wiki, jioni, watu wakiwa wamerudi. Mtangazaji aeleze kwa Kiswahili na kwa Mashi: nani aliandika, kwa nini, tusikilize chombo gani. Muziki bila maelezo njo unaleta usingizi na fikira za kilio.

Pili, koperative za wachimbaji zitenge kidogo sana katika mauzo ya kila mwezi, mpaka ipatikane pesa ya kinanda kimoja cha umeme, paneli ya jua na betri. Kikae mahali ambapo Mkatoliki, Mprotestanti, Mkimbangu na Mwislamu wote wanaingia. Tunajua feza za koperative mara nyingi zinaota miguu. Basi daftari iwe wazi, na mama wawili washike ufunguo.

Tatu, walimu wa korali. Ninyi tayari munajua do-re-mi. Jumamosi mbili kwa mwezi fundisheni watoto kusoma noti, hata wale ambao hawaimbi misa. Mtoto anayesoma noti amepata lugha ambayo Goma, Kinshasa na Vienna wanaisoma sawasawa.

Nne, papa na mama. Kwenye nyumba ya kuchaji simu, wale vijana wanaoweka nyimbo kwenye kadi wanaweka unachotaka. Ukienda kuchukua rumba yako, omba pia Grieg, Boléro na "Für Elise". Sikilizeni usiku, taa ikiwa imezimwa, wote pamoja. Na mtoto akianza kugonga meza kwa vidole akitafuta ule mlio, musimpige na musimwambie aache upuuzi. Mwulizeni amesikia nini.