Bunduki ya Kwanza ya Bei Nafuu na Kazi ya Askari

Mwaka 2020, wakati maradhi ya Korona yalipowafungia watu majumbani na ghasia kuzuka katika miji kadhaa ya Marekani, wananchi wa nchi hiyo walikimbilia maduka ya silaha kwa wingi usiopata kuonekana kabla. Idara ya upelelezi ya nchi hiyo, FBI, ambayo tangu mwaka 1998 huchungua kumbukumbu za mnunuzi kabla hajakabidhiwa silaha, ilifanya uchunguzi zaidi ya milioni 39 katika mwaka huo mmoja. Si kila uchunguzi ni bunduki moja iliyouzwa, lakini ni dhahiri kwamba mamilioni ya wanunuzi hao hawakuwa wamepata kumiliki silaha maishani mwao. Wengi miongoni mwao, hasa wale wenye fedha kidogo, walichagua bunduki ya marisau.

Askari msomaji ataweza kuuliza habari hizi zatuhusu nini sisi. Zatuhusu kwa sababu bunduki ya namna hiyo ndiyo tuionayo mikononi mwa walinzi wa mabenki na maghala katika miji ya Afrika Mashariki, na ndiyo ambayo askari wengi wanaostaafu hufikiria kuiombea kibali ili walinde shamba. Isitoshe, askari aliyekaa miaka ishirini na bunduki ya vita begani hudhani kwamba anazijua bunduki zote. Kwa bunduki ya marisau yeye ni mwanafunzi kama raia mwingine yeyote.

Mwandishi wa makala haya alilijua jambo hilo kwa aibu. Alipotoka shule ya makadeti, akiwa na sifa nzuri za shabaha, alialikwa na jamaa yake kufukuza kanga waliokuwa wakifukua mbegu shambani. Alipiga risasi saba, na kanga wote wakaenda zao. Alikuwa amefumba jicho moja, akausimamisha mtutu na kuvuta pumzi kama afanyavyo uwanjani mbele ya kibao kisichotembea. Bunduki ya marisau haitumiwi hivyo. Macho yote mawili huwa wazi yakimfuata ndege, mtutu hutembea pamoja naye, na haukomi kutembea hata baada ya risasi kufyatuka. Kwa hiyo kitako kinachomfaa mwenyewe ni muhimu kuliko jina la kiwanda. Kitako kikiwa kirefu hunasa kwenye nguo wakati wa kuinua; kikiwa kifupi, dole gumba humpiga mpigaji puani. Mnunuzi na aiinue bunduki begani akiwa amefumba macho, kisha ayafumbue: akikuta jicho lake limekaa sawasawa juu ya mtutu, inamfaa. Jaribio hilo halina gharama.

Ukubwa wa mtutu huhesabiwa kwa namba inayowashangaza wengi. Namba 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya risasi ikiyeyushwa na kufanywa magololi kumi na mawili yaliyo sawa, kila gololi litaenea barabara katika mtutu huo, ambao upana wake ni kama milimita 18.5. Kwa hiyo namba 20 ni mtutu mwembamba zaidi, si mkubwa. Anayeanza hushauriwa kuchukua namba 12, kwa kuwa risasi zake hupatikana kila mahali na kwa bei nafuu. Lakini asichukue ile nyepesi mno ya mtutu mmoja kwa sababu tu ndiyo rahisi kuliko zote: wepesi huo hulipwa na bega, na mtu anayeogopa teke la bunduki yake hufumba macho kabla ya kufyatua.

Jambo la risasi linastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu lina roho za watu ndani yake. Risasi ya namba 20 ikitumbukizwa kwa makosa katika bunduki ya namba 12 haidondoki nje. Hupita chemba na kukwama mbele kidogo ndani ya mtutu. Mtu akitazama chemba huiona tupu. Akitia risasi ya namba 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka, mara nyingi mahali pale pale ulipo mkono wake wa kushoto. Ndiyo sababu viwanda hufanya maganda ya namba 20 kuwa ya rangi ya manjano. Mlinzi anayepokea bunduki kutoka kwa mwenzake usiku, na risasi zikiwa zimechanganywa mfukoni, hana budi kuufungua mtutu na kuuchungulia mpaka auone mwanga upande wa pili.

Hatari ya pili ni urefu wa chemba. Bunduki nyingi kuukuu za Ulaya zilichongwa kwa risasi ya milimita 65, ilhali risasi za siku hizi huwa za milimita 70 au 76. Risasi ndefu huingia vizuri katika chemba fupi, kwa sababu ncha ya ganda imekunjwa. Inapofyatuliwa mkunjo hufunguka, ukakosa nafasi, na nguvu ya baruti ikazidi kiasi. Kipimo hicho kwa kawaida huwa kimepigwa muhuri kwenye chuma. Asiyeuona muhuri, au asiyeufahamu, ampelekee fundi wa silaha kabla ya kutoa fedha.

Sasa tuje kwenye bei. Nchini Marekani ushauri wa miaka mingi ulikuwa ni kununua bunduki ya pampu, yaani ile ambayo mpigaji huikoki kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele. Remington 870, iliyoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, imetengenezwa zaidi ya milioni 10. Mossberg 500 iliifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndugu yake wa bei ya chini, Maverick 88, bado huuzwa kwa dola mia mbili na kitu. Hata hivyo jina kubwa halikumlinda mnunuzi. Baada ya kampuni ya Remington kununuliwa na matajiri wa fedha mwaka 2007, malalamiko yaliongezeka kuhusu bunduki zake za bei nafuu: kutu ya mapema, chemba zisizosuguliwa vizuri, maganda yanayonasa. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2018, ikafilisika tena mwaka 2020, na kiwanda chake cha Ilion katika jimbo la New York kilifungwa mwaka 2024. Kwa maoni yangu, aliyenunua 870 kuukuu iliyotunzwa alipata mali kuliko aliyenunua mpya ya miaka ile.

Pengo la bei ya chini limejazwa na Uturuki. Katika wilaya ya Beyşehir, mkoa wa Konya, miji midogo ya Huğlu na Üzümlü imeishi kwa ufundi wa bunduki za marisau kwa vizazi kadhaa, na leo mazao ya Uturuki yamejaa katika maduka ya Marekani na Ulaya. Si haki kusema kwamba zote ni mbovu. Baadhi ni nzuri sana. Tatizo la anayeanza ni kwamba bunduki ya kiwanda kile kile huuzwa kwa majina mengi, na mwuzaji akiliacha jina moja, vipuri hukosekana. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe ni nani atakayeitengeneza.

Biashara hiyo ina upande mwingine, ambao ndio unaowahusu zaidi polisi na askari wa mipakani. Mwaka 2017 forodha ya Nigeria ilikamata katika bandari ya Lagos na barabara zake shehena nne za bunduki za pampu: 661 mwezi Januari, 440 mwezi Mei, kisha 1,100 na 470 mwezi Septemba, jumla 2,671. Zilikuwa zimefichwa ndani ya makontena pamoja na bidhaa nyingine, na zile za Septemba zilitoka Uturuki. Silaha inayomfaa mkulima anayeanza kwa sababu ni rahisi, humfaa jambazi kwa sababu hiyo hiyo. Tena humfaa kwa sababu ya pili: mtutu wake hauna mikato ndani, hivyo marisau hayachukui alama ambayo mpelelezi angeweza kuilinganisha na bunduki fulani. Ganda tupu ndilo lenye ushahidi, kwa alama ya pini iliyogonga fataki. Askari anayefika mahali pa tukio na kukanyaga maganda ameharibu karibu yote yaliyobaki. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini mwezi Aprili 2004, inazitaka nchi zetu ziitie alama kila bunduki na kuiweka katika kumbukumbu, na alama hiyo ndiyo itakayomwambia mpelelezi bunduki iliyokamatwa ilitoka mkononi mwa nani.

Lakini kumbukumbu haitoshi pasipo mtu wa kuisoma. Tarehe 12 Agosti 2021, huko Keyham katika mji wa Plymouth, Uingereza, kijana wa miaka 22 aliwaua watu watano kwa bunduki ya pampu, miongoni mwao mama yake mzazi na mtoto wa miaka mitatu, kisha akajiua. Bunduki hiyo aliimiliki kwa kibali. Polisi walikuwa wamemnyang'anya silaha na cheti baada ya kuwapiga vijana wawili mwaka 2020, wakamrudishia mwezi Julai 2021, wiki chache kabla ya mauaji. Baraza la wazee wa mahakama lililosikiliza habari za vifo hivyo mwaka 2023 lilieleza kwamba polisi wa eneo hilo walishindwa vibaya katika kazi yao, na kwamba maofisa wa vibali hawakuwa wamepewa mafunzo ya kutosha.

Kwa hiyo askari wa ofisi ya vibali anapoletewa ombi la bunduki ya kwanza, na mwombaji akieleza kwamba ameipata kwa bei nafuu, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kupiga muhuri. Atailaza wapi usiku? Nani mwingine nyumbani atajua ufunguo ulipo? Amepata kufundishwa na nani kuipakua? Na ikiwa mwombaji ni mstaafu wa jeshi au polisi, aulizwe maswali yale yale, na aonyeshe kwa mikono yake jinsi mtutu unavyofunguliwa na kuchunguliwa.