Nani Ameziharibu Kunde?



Mara nyingi mambo huanza hivi. Mama amelima, amepanda kunde, amepalilia vema. Maua yamechanua, naye anakwisha kuhesabu vikapu moyoni. Siku chache zikipita, maua mengi yamedondoka, na maganda machache yaliyobaki yana matundu. Lakini shamba la jirani ni zima! Hapo maneno huanza: «Kuna mtu mwenye jicho baya.» Watu waliokuwa wakipeana moto na chumvi hawasalimiani tena, hata wakikaa benchi moja kanisani.

Kabla ya kumshtaki jirani, yafaa tumtafute mwizi ndani ya ua lenyewe.

Mwizi huyo ni mtoto wa nondo, yaani kipepeo wa usiku. Wataalamu humwita Maruca vitrata. Fabricius, mtaalamu wa Denmark, alimwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1787. Hupatikana katika nchi za joto za Afrika, Asia na Amerika, naye hupenda kunde, maharagwe na mbaazi. Mabawa yake ya mbele ni ya kahawia, yenye mabaka yanayopitisha nuru kama kioo.

Mchana hutulia penye kivuli. Usiku jike hutaga mayai yake, madogo mno, juu ya matumba, maua na majani. Baada ya siku 3 hadi 5 mayai huanguliwa. Kiwavi mchanga huingia ndani ya tumba na kula sehemu ambayo ingezaa ganda; ndiyo maana ua huanguka. Hatosheki na moja. Hushona maua na majani pamoja kwa nyuzi nyembamba, hujificha humo, na usiku huhamia ua lingine. Akikua hutoboa ganda, hula punje, na kinyesi chake huonekana penye tundu. Baada ya wiki 2 hivi hushuka chini, hujifunga kwa hariri katika majani makavu au udongo, na karibu wiki 1 baadaye hutoka nondo mpya.

Basi kwa muda wa mwezi mmoja hivi kizazi kimekwisha kuzaa kingine. Aliyepanda mapema, kunde zake huweza kuchanua kabla nondo hawajawa wengi. Aliyechelewa huwapokea wote. Labda hiyo ndiyo siri ya shamba la jirani!

Tufanye nini? Tusingoje kuona matundu, kwa maana kiwavi akiisha kuingia ndani ya ganda, dawa haimfikii kwa urahisi. Matumba yakitokea, tupite shambani kila siku chache. Maua yaliyoshonwa kwa nyuzi tuyachume, tuwape kuku au tuyachome moto. Anayetumia dawa amwulize kwanza agronomo, naye ainyunyize jioni, nyuki wakiisha kurudi mzingani. Baada ya mavuno tuondoe mabaki, tugeuze udongo. Tena tupatane na majirani kupanda mapema, wote kwa wakati mmoja, ili nondo wasipate maua ya kuhamia mwezi hata mwezi.

Si kila ua linaloanguka limeliwa na kiwavi. Jua kali na wadudu wengine huweza kuliangusha pia. Kwa hiyo tupasue ua na kutazama, ndipo tuseme. Amri ya nane yatukataza kumsingizia mwenzetu. Na anayemsingizia jirani kwa ajili ya kiwavi hupata hasara mbili: kunde zaliwa, na urafiki wafa.

Ninyi wanafunzi, mnao macho makali. Kesho asubuhi mfuateni mama shambani, mpasue maua 10 mbele yake. Mkimkuta kiwavi mwenye madoa meusi mgongoni, mwiteni na jirani aje amwone.