Kukaa kwa wazazi: tuangalie kwanza kontra

Mu kartie zetu za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kijana wa miaka 30 ao 35 anayekaa kwa baba yake wanamuita tu mutoto. Hata kama anaamuka saa kumi ya usiku kungojea bisi ya kazi, hata kama iko na bibi na watoto wawili mu nyumba ndogo ya nyuma ya lupango, watu watasema: "Ule angali anakula mu nyungu ya mama yake." Akienda kwa bakwe, hawamuulize sana anafanya kazi gani. Wanauliza: unakaa kwa nani?

Sisi wa sendika tunasikia maneno haya, na mara nyingi yanatoka mu kinywa cha wazee waliopewa nyumba na kazi. Tusisahau, wazee wangu. Union Minière, na kisha Gécamines, iliingiza mutu ku kazi na kumupa nyumba mu kambi, hospitali, masomo ya watoto na mposho. Kijana wa miaka 22 alioa na kufungula mulango wake kwa ufunguo wa kampani. Hakupanga hata tofali moja! Ilikuwa kontra yake ndiyo ilimujengea.

Maisha ile ilianguka. Mugodi wa Kamoto ulibomoka mu 1990, shaba ya Gécamines ikashuka mwaka kwa mwaka, watu wakakaa miezi mingi bila mushahara. Mu 2003, zaidi ya wafanyakazi elfu 10 walitoka kwa kile walichoita "départ volontaire". Leo shaba ya Congo inatoka kupita wakati ule, lakini kijana anaingia kwa njia ya sous-traitance, na kontra ya miezi 3 ao 6. Ufunguo haumo.

Tupige hesabu. Tuseme nyumba ya vyumba viwili ni dola 100 kwa mwezi. Mwenye lupango anaomba garanti ya miezi 6: dola 600, mbele ya kuingiza hata kitanda. Sheria ya 2015 juu ya kupangisha nyumba za kukaa inakataza kupita miezi 3, lakini nani anamuonyesha mwenye lupango sheria? Sasa mwenye kontra ya miezi 3 atatoa wapi dola 600?

Atazitoa kwa banque Lambert. Hapo ndipo haya inatuumiza sisi wote. Kijana aliyechoka kuchekwa anakopa 100 na kurudisha 150 kisha mwezi moja. Kapita wake akijua ule iko na deni, amemushika. Atamuambia abaki masaa ya juu bila malipo, atabaki. Tukipitisha liste ya sendika, hataandika jina. Tumepoteza watu wazuri namna hii, na haikuwa juu ya woga. Ilikuwa juu ya deni ya nyumba.

Na tena, mu hizi nyumba, nani anamulisha nani? Baba alitoka 2003, pesa yake iliisha zamani. Unga unanunuliwa na "mutoto". Fakitire ya SNEL, ni yeye. Dawa ya tension ya mama, ni yeye pia. Dada yake aliyerudi na watoto kisha ndoa kuvunjika, wote wanakula kwa mushahara ule. Majirani wanaona tu jina la baba ku karatasi ya lupango.

Kweli, kuko wenye kulala mpaka saa sita na kungojea bukari. Hao wazazi wao wanawajua, wawasukume. Tusiwachanganye na mwenye kurudi na vumbi la mugodi ku sabata.

Code du travail ya 2002 inatenga indemnité ya nyumba na mushahara: ni vitu viwili. Lakini mu karatasi nyingi za malipo tunazoletewa, utaona hesabu moja tu, "tout compris", na ukiuliza nyumba iko wapi, wanakujibu imo ndani. Imo ndani ngapi? Vijana, leteni karatasi zile kwa delege wenu mbele ya mazungumuzo ya convention collective, na kontra pamoja, hata ile iliyokwisha. Na wazee mulio na nyumba za kambi, kama mungali na kontra zenu za zamani, tupatie kopi. Tunataka kuziweka mbili pale ku meza, ya baba na ya mutoto, musimamizi asome mwenyewe.